Mama Kobe wa Mgeta: Maisha ya Marehemu Jacoba Verhagen na Mbio za Baiskeli

Baba Paroko, wazee wa koo zote mbili, wageni wetu kutoka Uholanzi, walimu, majirani, na ninyi wasichana mliokuja na baiskeli zenu mpaka huku mlimani: familia imeniomba mimi, Prisca Fransisko, wifi yake marehemu, niwasomee habari za maisha yake. Ya huku nitayasema kama tulivyoyaona. Ya kwao nitayasema kama alivyotusimulia mwenyewe, na kaka yake Kees, aliyeketi pale mbele, amethibitisha kwamba hakutia chumvi.

Marehemu Jacoba Maria Verhagen alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika mji mdogo wa Deurne, kusini mwa Uholanzi. Alikuwa mtoto wa mwisho na binti pekee wa mzee Antoon Verhagen na mama Petronella, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na Wakatoliki wa kushika dini. Nyumbani walimwita Coby. Alipata ubatizo, komunyo ya kwanza na kipaimara katika kanisa la mji huo, na tangu akiwa mdogo alikuwa akiamka kukamua kabla ya kwenda shule. Ndiyo maana alipokuja kwetu hakuna aliyewahi kumkuta kitandani jua limetoka.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo Deurne, kisha akaingia chuo cha ualimu wa michezo Tilburg, alikohitimu mwaka 1984. Lakini mwalimu wake wa kwanza, alivyosema mwenyewe, alikuwa tope la nyuma ya zizi. Mwaka 1979 vijana wa kwao waliingiwa na wazimu wa mbio mpya ziitwazo BMX. Kwa ndugu wasiozijua, ni mbio fupi za baiskeli ndogo zenye matairi manene. Wakimbiaji wanane hujipanga juu ya kilima nyuma ya geti la mbao. Geti likianguka wanashuka wote kwa pamoja, wanaruka matuta, wanabanana kwenye kona, na mambo yote yanakwisha kabla mtu hajamaliza kusali Baba Yetu. Kees na ndugu zake walichimba njia ya namna hiyo kwenye shamba la baba yao, wakamwambia dada yao akae pembeni awashikie saa. Siku ya kwanza aliishika. Siku ya pili alimpa mama yake ile saa, akachukua baiskeli ya Kees, na Kees anakiri kwamba tangu hapo hakuipata tena.

Wanawake katika mbio hizo walikuwa wachache, na mara nyingi alishindanishwa na wavulana. Mwaka 1982 alikuwa bingwa wa wanawake wa jimbo lao. Mwaka 1984 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya taifa, akaanza kusafiri kwenda Ubelgiji, Ufaransa na Uingereza. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye mapaja ya mtu anayepanda mlima, na sifa yake ilikuwa kutoka getini. Alisema kwamba wengine hungoja geti lianguke, yeye alikuwa akilisikiliza.

Tarehe 16 Juni 1985, katika fainali ya taifa, gurudumu lake liligusana na la mwenzake kwenye kona ya kwanza. Alirushwa, akaangukia shingo, na wengine wakampitia juu. Mfupa wa shingo ulipata ufa na nyonga ikavunjika. Alilazwa miezi mingi katika hospitali ya mji wa Nijmegen. Siku ya kumruhusu, daktari alimwambia kwamba atatembea, atafanya kazi na atazaa, ila akiangukia shingo mara ya pili huenda asinyanyuke tena. Akiwa na miaka ishirini na miwili aliwapa vijana wa jirani vifaa vyake vyote, akasema mbio zimekwisha.

Katika hospitali hiyo hiyo alikuwepo kaka yetu Fidelis, aliyekuwa anasomea elimu ya udongo kule Wageningen. Malaria ya nyumbani ilikuwa imemfuata mpaka Ulaya, na madaktari wanafunzi walikuwa wakimzunguka kumtazama kama vile wameletewa twiga. Coby alikuwa anajifunza kutembea kwa magongo kwenye korido. Fidelis, akiwa na blanketi mabegani, alikuwa anatembea ili apate joto. Wakakutana. Kaka anasema maneno ya kwanza aliyomwambia hayakuwa ya mapenzi hata kidogo. Alimwambia, "Kwetu bibi wa miaka sabini anapanda mlima na kikapu cha kabichi kichwani. Na wewe utapanda." Walifunga ndoa takatifu Deurne tarehe 2 Mei 1987, na Januari 1988 walifika hapa Mgeta.

Kuna aliyekuwepo siku ile atakayeisahau? Alishuka kwenye gari la mboga amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akapiga goti mbele ya mama yetu Bernadeta, akasema, "Shikamoo, mama," halafu akaendelea na salamu nyingine zote alizokuwa amezikariri njiani, za asubuhi, za mchana na za usiku, bila kupumua. Mama alimnyanyua akisema, "Marahaba mwanangu, inatosha, utazimaliza salamu zote leo."

Watoto wa jirani walipoambiwa anaitwa Coby walisikia Kobe. Wakamwita Mama Kobe, na wakubwa wakaona aibu kumweleza. Mimi ndiye niliyemwonyesha kobe mwenyewe, karibu na mto, nikamwambia, "Wifi, huyu ndiye wajina wako." Alimtazama anavyojikokota, akacheka mpaka akakaa chini. Miaka yote iliyofuata alikataa kuitwa jina jingine.

Jambo moja liliwasumbua wazee. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba analirithi huko. Sasa huyu mama alikuwa hana ukoo mlimani hapa, na kabla mwaka haujaisha alikuwa mjamzito. Mtoto angekuwa wa nani? Wazee waliketi, wakazungumza mpaka uji ukapoa. Ndipo shangazi yetu Catherine, dada yake baba, ambaye hakujaliwa mtoto wa kike, akasema, "Mnahangaika nini? Mimi nimeshazaa. Binti yangu huyo hapo, ameketi kwenye mkeka." Hivyo marehemu akawa mtoto wa shangazi, akakatiwa ngazi yake ya shamba kwenye mteremko, upande wa juu wa kijito, na Fidelis akajikuta amemwoa binamu yake, jambo ambalo wazee wetu wamelipenda tangu zamani. Mtoto alipozaliwa, Februari 1989, aliitwa Catherine. Mwaka 1992 akafuata Innocent.

Miaka miwili ya kwanza marehemu alilima, akajifunza Kiswahili na maneno ya Kiluguru ya jikoni, na alifundisha michezo katika shule ya msingi. Habari za mbio alizijua mumewe peke yake. Kwetu sisi alikuwa mama mwenye kovu shingoni ambaye hakupenda kuulizwa.

Mwezi Oktoba 1989 tuliteremka mjini, yeye na mimi, kutafuta misumari. Miaka ile maduka yalikuwa yameanza kujaa tena. Tulizoea foleni za sabuni na unga, sasa tukiingia dukani tulishangaa kukuta vitu vinatungoja sisi. Katika duka la mzee Akbarali, barabara ya Madaraka, palikuwa na baiskeli zilizofika siku hizo, na moja ndogo, nyekundu, yenye matairi manene, ilikuwa imetundikwa darini. Marehemu alisimama chini yake.

"Mama, hiyo ni ya watoto," alisema mzee Akbarali.

"Naijua, mzee. Naomba nishushie."

Aliukagua mnyororo, akabonyeza matairi, akainua kiti. Kisha akafunga khanga yake vizuri, akanipa mtoto nimshike, akatoka nayo barabarani. Mbele ya duka palikuwa na mtaro na rundo la udongo wa mafundi. Nilisikia watu wanapiga kelele. Nilipotoka nilimwona wifi yangu angani, khanga inapepea, baiskeli iko chini yake kama vile imeshonewa miguuni. Alitua upande wa pili wa mtaro bila kuyumba. Mzee Akbarali, aliyekuwa amenifuata mlangoni, alisema taratibu, "Basi siyo ya watoto."

Jioni ile alipanda nayo gari la mboga. Kaka alipoiona alibadilika uso. Walitoka nje, lakini kuta zetu mnazijua.

"Daktari alikuambia nini, Coby?"

"Alisema nisianguke. Hakusema nisipande."

"Una mtoto wa kunyonya."

"Ninamjua mtoto wangu, Fidelis."

Siku kadhaa hawakuongea vizuri. Ndipo mama yetu Bernadeta alipomwita mkwe wake wakapukuchue mahindi pamoja, akamwuliza, "Bila hiyo baiskeli unaishije?"

"Naishi vizuri, mama. Ila kila siku naogopa. Nikipanda ngazi naogopa. Nikimbeba mtoto naogopa kuteleza."

"Na ukiipanda?"

"Nikiipanda naogopa nikiwa juu yake tu. Nikishuka, nimemaliza."

Mama alipukuchua gunzi lile mpaka mwisho, akaingia ndani, akamwambia mwanawe, "Mwache mke wako. Anaogopa sana akiwa chini." Hayo ndiyo maneno yaliyomaliza kesi. Baba yetu Fransisko alitoa kishamba chake kilichokuwa kimelala, akatengeneza geti kwa mbao za mlango wa zizi la nguruwe, na majirani wakaja na majembe kama wanavyokwenda kukata ngazi za shamba. Mwaka mzima, asubuhi kabla ya kazi, mlima huu ulisikia geti likianguka: pwaa! Wamama waliokuwa wakishuka na mizigo walisimama, wakamwangalia akiruka, wakaendelea. Mwanzoni walisema amerukwa na akili. Baadaye asipoonekana walikuja nyumbani kuuliza kama anaumwa.

Septemba 1990 alikwenda Uholanzi kushindana. Ilikuwa njia ile ile aliyoangukia. Alitusimulia kwamba alipofika juu na kuitazama kona ya kwanza, alizikamata breki na kuziachia mara nyingi, hata binti aliyekuwa jirani yake, mdogo kuliko yeye kwa miaka kumi, alimwuliza kama anajisikia vibaya. Alikuwa akilisikiliza geti. Geti lilipoanguka alitoka wa kwanza. Kwenye kona ile alikaza breki mapema kuliko wote, wawili wakampita, naye akawaacha wapite. "Niliwaona wanapita," alisema, "na nikafurahi, kwa sababu nilikuwa bado nimekaa juu ya kiti." Alimaliza wa tatu.

Aliporudi, baba alimpokea barabarani.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa tatu, baba."

"Mlikuwa wangapi?"

"Wanane."

"Kumbe umewaacha watano, halafu unakuja kinyonge hivyo? Nyoosha shingo."

Akainyoosha. Medali alimvalisha mama, na mama aliivaa kwenye misa ya Jumapili, juu ya rozari, Baba Paroko wa wakati ule akashindwa kukataza.

Mwaka 1993 kaka alipata kazi ya kufundisha mjini, familia ikahamia Kihonda. Marehemu aliendelea kufundisha michezo mashuleni, na kwa kuwa makontena ya mitumba yalikuwa yameanza kuleta baiskeli za kila aina, alikusanya zile ndogo zilizovunjika, akazitengeneza uani kwake. Kwenye uwanda mwekundu pembeni ya makazi alichimba njia ya pili. Wa kwanza kuja alikuwa Parveen, binti yake mzee Akbarali, akiwa na suruali ndani ya gauni lake. Wa pili alikuwa Hidaya, binti wa askari wa gereza la Kingolwira. Baada ya hao wakawa wengi, wote wasichana. Wavulana walipolalamika aliwaambia, "Ninyi mna uwanja wa mpira. Huu ni wao. Ila mnaweza kushika saa."

Maneno yalikuwa mengi. Walisema mtoto wa kike akipanda baiskeli ataharibika, walisema mzungu anafundisha uhuni. Siku moja mzee Salehe, baba yake Hidaya, alifika uwanjani akiwa na sare zake za kazi, amekasirika, na mazoezi yote yakasimama. Binti alikuwa juu, nyuma ya geti.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," alisema.

"Shikamoo, mzee," marehemu alimjibu. "Mchukue. Lakini ameshapanga miguu. Akishuka sasa hivi kwa kuogopa, kesho atalia. Mwache ashuke na baiskeli, halafu mwende."

Mzee Salehe alisimama pale pale. Geti likaanguka. Hidaya alishuka akiwa ameuma midomo, akaruka tuta la kwanza na la pili, akamaliza mbele ya wenzake, akaja moja kwa moja mpaka kwenye viatu vya baba yake, akasimama hapo anahema. Mzee alimfuta vumbi usoni kwa mkono wake. Kisha akamwuliza marehemu, "Hilo geti lenu linapinda upande mmoja. Hamlioni?" Jumamosi iliyofuata alirudi na nyundo, na mpaka leo geti la Kihonda ni lake yeye. Tunakushukuru, mzee Salehe.

Kuanzia mwaka 1995 yalifanyika mashindano ya wasichana kila mwaka, na timu zilikuja kutoka Turiani na Ngerengere. Marehemu mwenyewe alikimbia mbio za watu wazima mpaka mwaka 2000, akiwa na miaka thelathini na saba, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuanguka tena hata mara moja. Alipoulizwa siri alisema hana, anakaza breki tu bila kuona haya.

Katikati ya mwaka 2001 alijikuta ana uvimbe kwenye titi. Vipimo vya Dar es Salaam vilionyesha ni saratani. Alikwenda kwao kufanyiwa upasuaji na kupata dawa, akauguzwa na mama yake na kaka zake kwa mapenzi makubwa. Walimsihi abaki. Kees alimwambia, "Hospitali zote ziko hapa." Akamjibu, "Watoto wangu wote wako kule," na Kees anasema hakujua kama anasema wawili au wale wa uwanjani. Alirudi, akapata mwaka mmoja mzuri. Mapema mwaka huu ugonjwa uliingia kwenye mifupa ya mgongo, na mwezi Juni aliomba kuletwa hapa mlimani, nyumbani kwa mama Bernadeta.

Hakuwa mgonjwa wa kunung'unika. Siku moja nilikuwa namwosha, nikashindwa kujizuia, nikalia. Akaniambia, "Wifi, unanimwagia maji ya moto na ya baridi kwa wakati mmoja, chagua." Siku nyingine alimwita Catherine, ambaye sasa ni binti wa miaka kumi na minne, wakafunga mlango, wakaongea mchana kutwa. Waliyoongea ni yao. Innocent alimwomba jambo moja tu, kwamba asimwache baba yake ale peke yake. Sakramenti ya wagonjwa aliipokea tarehe 6 Agosti, akiwa na fahamu zake zote, akiitikia kila sala.

Wiki hiyo Hidaya, ambaye ndiye mwalimu wa timu kwa sasa, alipanda kuja kumwona. Alisema anafikiri kuahirisha mazoezi ya Jumamosi ili wasichana wote waje kumuaga mwalimu wao. Marehemu alikataa kwa kichwa. "Jumamosi ni mazoezi," alisema. "Wakija hapa watanitazama mimi nimelala. Wakienda uwanjani watafanya kazi. Nenda nao."

Marehemu alifariki dunia Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2003, asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Simu haikamati nyumbani, kwa hiyo kaka alitembea mpaka kwenye kilele kule juu, akampigia Hidaya. Wasichana walikuwa wameshapanga miguu nyuma ya geti. Hidaya alisikiliza, akaitia simu mfukoni, akatazama juu ya kilima, wote wanamngojea. Ametuambia jana kwamba alifikiri kuwashusha. Badala yake aliinua mkono, akaangusha geti. Walishuka wote, wakaruka matuta yote, hakuna aliyeanguka. Walipofika chini akawakusanya, akawaambia vueni kofia, kisha akawaambia.

Marehemu ameacha mume, Fidelis Fransisko. Watoto wawili, Catherine na Innocent. Wazazi wake, mzee Antoon na mama Petronella, ambao umri haukuwaruhusu kusafiri. Kaka zake, wakiongozwa na Kees aliyeko hapa. Wakwe zake, mzee Fransisko na mama Bernadeta. Mama yake wa hapa mlimani, shangazi Catherine. Mawifi, mashemeji, na wasichana wa Kihonda, ambao familia imekubaliana kwa kauli moja waandikwe hapa pamoja na ndugu.

Mwenyezi Mungu aliyempa siku hizi zote amkaribishe kwake, ampumzishe bila maumivu, na amani yake imfunike daima. Amina.